Mrejesho: kamba ya katani kwenye ubavu wa boti

Jambo wote. Niliuliza kama kamba nene ya katani inayozunguka boti yetu ya mbao hapa Goma kuikinga inapogonga, iliyokuwa nyeusi na yenye harufu, isafishwe au itolewe. Aksanti sana kwa majibu.

Yule aliyesema nizifungue nyuzi nitazame ndani ndiye aliyenisaidia zaidi. Ubavuni, weusi ulikuwa wa juu tu. Ndani nyuzi zilikuwa za rangi ya dhahabu na ngumu. Hizo nilizisugua kwa sabuni na brashi laini, nikaziosha na kuzianika. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, sikuitia, maana inakula nyuzi.

Mbele, inapogonga gati, kamba ilivunjika mkononi kama tumbaku kavu. Hapo nimeweka mpya. Lakini kazi kubwa ilikuwa chini yake: mbao ilishaanza kulainika, kwa sababu kamba inashika maji na hewa haipiti. Maji ya ziwa letu la Kivu hayana chumvi ya bahari, kuoza kunakuja upesi. Fundi alikata sehemu mbovu, akaiziba, tukaacha ikauke kabisa kabla ya rangi.

Kamba mpya tuliiloweka usiku kucha, tukaivuta kati ya miti miwili. Katani ikilowa inanenepa na kufupika. Ukiifunga kavu na kuikaza, itang'oa misumari. Tumetumia skrubu za shaba, vichwa vimezama katikati ya nyuzi visikwaruze boti za wenzetu.

Kamba ya plastiki haiozi, kweli, ila jua linaichakaza, na mimi katani naipenda zaidi.