Matundu ya bawa yamepishana: nivute, nipanue, ama niagize ubavu mpya?

BatiYaKisumu
Wadau, najenga ndege ya alumini ya viti viwili nyuma ya nyumba hapa Kisumu. Jana nimelaza shiti ya juu ya bawa la kushoto. Mbavu zote (mifupa ya ndani inayobeba shiti) zimekubali isipokuwa moja. Matundu yake matatu ya katikati yamepishana na ya shiti, ukichungulia unaona ukingo wa alumini kama mwezi mwandamo. Ni nusu milimita hivi. Riveti ni za inchi 3/32. Nivute kwa pini mpaka yakutane, nipitishe drili kubwa nitumie riveti za 1/8, ama niagize ubavu mpya ng'ambo ningoje?

Mwanagenzi_Kakamega
Agiza mpya, ulale usingizi. Ingawa nauli itashinda bei ya ubavu wenyewe. Kuna fundi wa masanduku Kibuye aliyeniambia atanitengenezea mmoja kwa saa moja 😂

MzeeWaLanet
Huyo abaki na masanduku. Bati la paa si 2024-T3, alumini ngumu ya ndege.

Wewe wa Kisumu, usivute. Ukilazimisha, tundu linakuwa yai na shiti inabaki na mvutano ndani yake. Injini ikitetemesha kila siku, ufa utaanzia hapo. Na tupa ya kukerezea weka mbali kabisa. Tundu lenye umbo la nane riveti haiwezi kulijaza.

Lakini kabla ya kuchagua, weka rula ubavuni. Nadhani umepinda kama ndizi. Ukingo wa ubavu ukikunjwa kufuata mviringo wa bawa, alumini inabanana, haina pa kwenda, basi ubavu wote unapinda. Dawa ni koleo la kutia makunyanzi. Kila kunyanzi linafupisha ukingo kidogo na ubavu unanyooka. Litie katikati ya tundu na tundu, mgongo wake uelekee ndani, usiiguse shiti. Bana kidogo, weka rula, bana tena. Mimi niliwahi kubana kwa pupa, ukapinda upande wa pili.

Nyar_Riveti
Shikamoo Mzee. Na jua je? Shiti ya mita 2.4 ikizidi mifupa joto kwa digrii 20, inarefuka kama milimita 1.1. Saa saba mchana Kisumu hiyo ni kawaida.

MzeeWaLanet
Marahaba binti. Kweli, ila jua lingesogeza matundu ya ubavu baada ya ubavu, kosa likikua kuelekea ncha ya bawa. Hapa ni mmoja tu.

Nyar_Riveti
Nimekubali. Sasa, tundu likigoma hata baada ya kunyoosha, kupanua kunawezekana kwa hesabu. Matundu mawili ya 2.5 yaliyopishana nusu yanachukua milimita 3 kwa jumla. Drili namba 30 ni karibu 3.3, itafuta alama yote. Shida ni ukingo. Kutoka kitovu cha tundu hadi ukingoni unahitaji mara mbili ya kipenyo cha riveti: 4.8 kwa 3/32, lakini 6.4 kwa 1/8. Ukiwa na 5.5, sahau.

Tafuta riveti za NAS1097: mwili ni wa 1/8, kichwa ni kidogo karibu kama cha 3/32, kwa hivyo hutachimba shiti zaidi. Kwa sababu kichwa ni kidogo, haivumilii sana kuvutwa. Moja mbili sawa, si mstari mzima. Na muulize kwanza aliyeichora ndege.

BatiYaKisumu
Mzee, ni ndizi kweli, mwanga ulipita chini ya rula. Makunyanzi manne, na matundu mawili yamekutana, pini zinaingia kwa kidole tu. La tatu bado. Nimepima ukingo: 7. Nimemwandikia mchoraji na kupiga picha, maana mkaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, lazima ataliuliza.

Mwanagenzi_Kakamega
Hilo koleo unaazimisha?

BatiYaKisumu
Bawa la kulia kwanza, ndugu yangu.