Podikasti ya filamu hapa Bagamoyo inahukumu filamu ambazo watangazaji wake hawajazitazama

Wakuu, salaam.

Nimevumilia kwa muda mrefu, lakini kipindi cha wiki iliyopita kimenilazimisha kufungua uzi huu. Wengi wetu tunaoishi Bagamoyo tunaifahamu ile podikasti ya marafiki wanne ambao kila Alhamisi usiku hukaa pamoja kuzungumzia filamu mpya. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ninachotaka ni wajirekebishe na si kuwaaibisha. Lalamiko langu ni kwamba vijana hawa wanatoa hukumu juu ya filamu ambazo ama hawajazitazama kabisa, ama wamezitazama katika nakala zilizoharibika kiasi kwamba kinachoonekana na kusikika humo si kazi ya mwongozaji tena, na msikilizaji haambiwi lolote kuhusu hilo.

Nitoe ushahidi. Wiki iliyopita walizungumzia filamu moja ya Korea Kusini inayomhusu mama anayemsubiri mwanawe aliyepotelea baharini. Yule anayeongoza mazungumzo alisema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba mama huyo anaongea mno na kwamba mwandishi hakumwachia mtazamaji nafasi ya kuhisi jambo lolote mwenyewe. Wenzake watatu wakaafiki, na filamu ikapewa alama nne kati ya kumi. Mimi filamu hiyo nimeitazama kwa sauti yake ya asili, nikisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Mama yule haongei. Katika tukio wanalolilalamikia ameketi sakafuni anachambua dagaa, anatenga wakubwa upande huu na wadogo upande ule, na kwa muda wote huo kinachosikika ni mvua juu ya paa na kucha zake zikikwaruza sinia. Kisha simu inaita, naye hanyanyuki. Maneno ambayo watangazaji wetu waliyasikia ni ya DJ aliyetafsiri filamu, ambaye alijaza ukimya ule kwa maelezo yake kuhusu uchungu wa mwana, nao wakambebesha lawama mwandishi wa Kikorea kwa maneno ambayo hakuyaandika. Wala sibahatishi, maana walipocheza kipande cha tukio hilo katika dakika ya kumi na kitu, sauti ya DJ ilisikika wazi juu ya muziki.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu najua watakaokimbilia kusema kwamba nadharau filamu za kutafsiriwa. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Kizazi kilichokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, kinamkumbuka Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, na kinajua kwamba mtafsiri hodari ni msanii kamili, anayeongeza utani wake, anayewapa wahusika majina ya mitaani kwetu, na anayemwezesha bibi asiyejua Kihindi wala Kiingereza kuifuata hadithi hadi mwisho akicheka na kulia panapostahili. Lakini ndiyo kusema kwamba nakala ile ina msanii wa pili ndani yake, na asiyewatenganisha wasanii hao wawili hawezi kumhukumu yeyote kati yao kwa haki. Sauti ya asili hupunguzwa ili ya mtafsiri isikike. Pumzi za waigizaji, muziki wa mbali, mlango unaofungwa chumba cha pili, vyote humezwa. Tena nyingi ya nakala hizo zimerekodiwa kwa kificho ndani ya ukumbi wa sinema, kisha zikapunguzwa ukubwa ili zienee kwenye flashi, hivyo picha huwa imekatwa kingo na giza limekuwa doa moja jeusi. Mtu akishaitazama nakala ya namna hiyo kwenye simu, anapata wapi ujasiri wa kusema kwamba mpiga picha hajui kazi yake? Na walisema hivyo, wakuu, tena kwa kicheko.

Filamu za nyumbani ndizo zinazoumia zaidi. Katika kipindi chao maalumu cha sinema ya Tanzania waliigusa Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2021, na ambayo mwaka uliofuata ilikuwa chaguo la Tanzania kwa Tuzo za Oscar baada ya zaidi ya miaka 20 ya nchi yetu kutopeleka filamu yoyote. Ingestahili mazungumzo ya saa nzima: Unguja ya miaka ya 1950, harakati za kumng'oa mkoloni, na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo watu wengi wameisoma shuleni, kiasi kwamba hata aliyeitazama filamu kwa haraka angekuwa na la kulinganisha. Wao waliipa dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo mmoja wao akaeleza kwamba Yasmin, mhusika mkuu, alitoroka kwa sababu ya umaskini. Yasmin alimkimbia mume mtu mzima aliyeozeshwa kwake bila ridhaa yake, na jambo hilo ndilo linalousukuma mkasa wote. Hilo si suala la ladha ambalo kila mtu ana haki ya kulitazama kwa namna yake. Anayekosea hapo hajaiona filamu wala hajafungua kitabu, na kati ya wale wenzake watatu hakuna aliyemsahihisha.

Wapo watakaosema kwamba filamu iliyofika Toronto haitikiswi na podikasti ya Bagamoyo, na huenda ni kweli. Basi tuwaangalie wadogo. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na mitaa yetu imejaa vijana wanaoigiza, wanaorekodi sauti na wanaohariri picha kwenye kompyuta za kuazima. Mmoja wao, jirani yangu wa Magomeni ya hapa Bagamoyo, alitengeneza filamu fupi kuhusu wachuuzi wa samaki na akaweka kionjo chake mtandaoni. Marafiki wanne wakaijadili filamu nzima kwa kutumia kionjo hicho, wakasema hadithi haina mwisho, wakati mwisho wenyewe ulikuwa haujaonyeshwa popote. Mwenye ukumbi aliyekuwa amekubali kuionyesha alisikia kipindi hicho, akaghairi. Kijana alikuwa amekwisha kulipa nauli za waigizaji wake na kuchapisha matangazo, na hadi leo filamu hiyo imelala kwenye diski. Nani atamlipa?

Najua ugumu uliopo. Bagamoyo hatuna ukumbi wa sinema wa kuonyesha filamu mpya, na anayetaka kuiona kama ilivyokusudiwa hupanda basi hadi kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, kisha atafute usafiri mwingine, alipe kiingilio, na arudi usiku. Si kila wiki mtu atamudu. Lakini ugumu huo haumlazimishi mtu kusema uongo. Angeweza kutamka kwamba hii wameitazama katika nakala ya DJ, au kwamba hii bado hawajaiona, wanazungumzia kionjo tu. Angeweza kuchagua filamu moja kwa wiki badala ya tano, akaitazama hadi majina ya mwisho yapite. Na kwa kuwa wanazitangaza hadharani nakala walizoingiziwa kwenye flashi, wakumbuke pia kwamba nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ingawa hilo ni la COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, na si langu.

Nilianza kwa njia ya staha. Niliwaandikia ujumbe nikiwaonyesha kosa la filamu ya Kikorea, dakika kwa dakika, na jibu lililokuja likasema kwamba wao ni marafiki wanaopiga stori tu, nisiwe na makuu. Maoni yangu chini ya kipindi yakafutwa siku iliyofuata. Sasa, marafiki wanaopiga stori barazani hawasomi tangazo la mdhamini kila baada ya dakika kumi, hawagawi alama, wala hawafungui kipindi kwa kutamba kwamba hapa ndipo utajua filamu ya kuilipia na ya kuiacha. Ukishamwambia mtu wapi aweke fedha yake, umechukua dhamana. Dada mmoja wa Dunda ameniambia kwamba aliacha kuwapeleka wanawe kwenye onyesho moja la bure kwa sababu tu alisikia humo kwamba filamu ina matusi, ilhali matusi hayo nayo yalikuwa ya mtafsiri.

Ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka. Wasome katika kipindi kijacho, mwanzoni kabisa na si baada ya muziki wa mwisho, masahihisho ya filamu ya Kikorea na ya Vuta N'kuvute. Wamwombe radhi kijana wa Magomeni kwa sauti ile ile waliyotumia kumhukumu, kisha wakaitazame filamu yake, kwa kuwa yuko tayari kuwaonyesha nyumbani kwake. Na kuanzia hapo, kabla ya kutoa alama yoyote, waseme filamu waliitazama wapi, kwa lugha gani, na kama waliimaliza.

Watangazaji wenyewe wamo humu, nawaomba wajibu hapa hapa badala ya kunitumia ujumbe wa faragha. Mwanajukwaa yeyote aliyehifadhi kile kipindi cha sinema ya Tanzania, ambacho tangu juzi hakionekani tena kwenye ukurasa wao, naomba akiweke ili kila mtu asikilize mwenyewe. Na kama kuna mwenye ukumbi kati ya hapa na Bunju aliye tayari kuionyesha ile filamu ya wachuuzi wa samaki, anitafute nimuunganishe na mwenyewe.