Bunduki moja ya bata, kanga na kwale: mitutu miwili, pompa au otomatiki?

Mwana wa Kafubu
Jambo wakubwa, jambo wadogo. Niko Lubumbashi. Permi ya silaha iko karibu kutoka, na ile ya kuwinda nimeshaiomba. Pesa inatosha bunduki moja tu. Hiyo moja nataka initumikie kwa bata upande wa mto Luapula, kisha kanga na kwale porini wakati wa kiangazi. Zilizo mbele yangu ni hizi:

– Baikal, mtutu juu ya mtutu, chemba (nafasi ya kutia kartushi) ya milimita 76, choki (mbano mdomoni mwa mtutu, wa kuzuia chembe zisitawanyike upesi) za kubadilisha.
– Remington 870 ya pompa (unavuta kwa mkono kila risasi), imetumika lakini safi.
– Benelli otomatiki. Bei inapita mfuko wangu, ila mwenyewe anakubali nilipe kidogo kidogo.
– Ya Liège (Ubelgiji), mitutu sambamba, ya marehemu nkambo (babu). Familia iko tayari kunipa.

Zote kaliba 12 (upana wa mtutu). Wenye kuijua kazi hii, nisaidieni.

Mukubwa wa Kasenga
Mdogo wangu, anza na mahali utakapoketi. Bata wa Luapula utawafuata kwa mtumbwi, na mbele yako kuna mwenye kupiga kasia, amekupa mgongo. Bunduki ya mitutu miwili unaivunja katikati na kila mtu anaona kwa macho kwamba haina kitu. Ya pompa na ya otomatiki hazikupi hilo. Unarudisha kipande nyuma, unachungulia, na wenzako wanabaki kuamini maneno yako. Kwenye mtumbwi unaoyumba mimi sitaki kuamini maneno.

Pili, matope. Ukiteleza ukingoni mwa matete, mdomo wa mtutu ukachota udongo, kisha ukapiga, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Ya kuvunja unaifungua, unaangalia mwanga kutoka upande wa pili, umemaliza.

Tatu, choki. Mitutu miwili ni choki mbili kwa wakati mmoja. Kwale anaruka kutoka miguuni mwako: mtutu wa kwanza, robo choki. Amekwenda mbali: wa pili, nusu au robo tatu. Ya mtutu mmoja imefungwa na choki uliyotoka nayo nyumbani. Mimi nasema Baikal.

Pilipili Kali
Kwa heshima, Mukubwa, bata hawaji wawili wawili. Kundi likishuka jioni, risasi ya tatu ndiyo inayommaliza yule uliyemjeruhi kabla hajazama kwenye matete. Bata aliyejeruhiwa na kupotea ni dhambi kubwa kuliko bata uliyemkosa. Tena otomatiki inapunguza teke begani, na Benelli haipitishi gesi ya baruti ndani ya mashine, kwa hiyo haichafuki upesi. Kama mwenye nayo anakubali kulipwa pole pole, chukua.

Mukubwa wa Kasenga
Hilo la kumaliza aliyejeruhiwa nakubali kabisa. Lakini wengi niliowaona na risasi ya tatu wanaipiga kwa bata aliyeshakwenda mita sitini, na huko ndiko majeruhi wanakotoka. Ndani ya mita thelathini na tano, risasi mbili zinatosha.

Yaya wa Kisanga
Kabla ya mtutu, bega. Wanaume mnapenda kubishana juu ya mashine na hamuulizi kama kitako kinakukaa. Hakikisha haina kartushi, elekeza mahali salama, funga macho, ipandishe begani kama unavyopiga, kisha fungua. Jicho likikuta liko sawa juu ya mtutu, hiyo ni yako. Ukikuta unatafuta kwa kukunja shingo, utakosa ndege hata kama bunduki ni ya thamani. Mwana wa Kafubu, jaribu zote nne na koti unalovaa porini, halafu utuambie.

Fundi wa Ruashi
Juu ya pompa: 870 inatengenezwa tangu 1950, ni mashine ngumu na rahisi kufungua. Ila mkono lazima uirudishe mpaka mwisho. Ukivuta nusu, ganda linabaki na kundi limepita. Ulizia vipuri kabla hujalipa. Otomatiki za mtindo wa Benelli ni nzuri, lakini nyingine zinagoma kwa kartushi nyepesi sana, na kwale hawahitaji nzito.

Hiyo ya nkambo ndiyo inayonitia wasiwasi. Ondoa mitutu, igeuze, soma chini yake. Utaona herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai, hiyo ni alama ya ukaguzi wa Liège. Ikiwa na taji juu, ni ya baada ya 1893. Tafuta pia urefu wa chemba: milimita 65 au 70. Kama ni 65, usitie kartushi ya 70 hata kama inaingia. Itaingia vizuri, kwa sababu mdomo wake bado umekunjwa. Ukipiga, mkunjo unafunguka, unakosa nafasi, na nguvu ya gesi inapanda. Na kartushi zenye chembe za chuma usizitie kabisa kwenye mitutu myembamba ya zamani yenye choki ya kubana.

Mtoto wa Likasi
Asante, Fundi, umegusa la chembe. Bata anameza vijiwe ili kusaga chakula, na plombi (chembe za madini ya risasi) iliyolala kwenye tope anaimeza vile vile. Inamuua pole pole. Marekani walikataza plombi kwa bata nchi nzima 1991, Denmark wakaikataza 1996, na tangu Februari 2023 imekatazwa kwenye maeneo ya maji ya Umoja wa Ulaya. Sisi tunavua na kuchota maji mahali pale pale. Kwa hiyo nachagua bunduki inayokubali chuma, yaani mitutu ya kisasa. Chuma ni chepesi kuliko plombi, basi panda namba mbili: palipokuwa na namba 5 (milimita 3), weka namba 3. Choki isipite nusu, na usipige mbali.

Na ujue ndege. Wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi hawafiki kilo moja, yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa anaweza kufika kilo sita. Huwezi kuwapiga kwa kartushi ya aina moja. Yule wa domo kama kiatu usimguse, na hifadhi za Upemba na Kundelungu usiingie na bunduki.

Mwana wa Kafubu
Nimesoma yote. Nimegeuza mitutu ya nkambo: ELG, taji, 12-65. Baikal imekaa begani sawa, 870 imenikunja shingo. Benelli nayo imekaa vizuri, lakini deni silitaki. Nimechukua Baikal. Ya nkambo nifanye nini?

Fundi wa Ruashi
Iandikishe kwa jina lako kabla ya kuihamisha nyumba, hata kama ni ya urithi. Kisha niletee nipime unene wa mitutu. Kwa Baikal, tundika karatasi pana mita 35, piga kila mtutu kwa kila kartushi utakayonunua, chora duara la sentimita 75 na uhesabu matundu. Ukiona pengo ambalo kwale anapita mzima, badilisha choki au kartushi. Fanya hivyo mahali penye kilima nyuma, pasipo na njia ya watu.