Bi mkubwa ana miaka 78, anameza dawa aina saba, sasa anaanguka. Naomba ushauri

Binti Muheza
Habari za jioni wakuu. Mama yangu yupo Muheza na mdogo wangu, mimi niko Dar. Ana presha na sukari za siku nyingi, na magoti yanamsumbua. Siku hizi akisimama anayumba, na ameshaanguka akienda chooni usiku. Alfajiri nyingine anaamka katota jasho, anaongea visivyoeleweka, anamwita mdogo wangu kwa jina la shangazi aliyekwishafariki. Majirani wanasema ni jini.

Dawa zake: kliniki ya presha walimpa amlodipini na losatani. Miguu ikavimba, zahanati nyingine wakamwongezea Lasix ya kukojoza maji. Kliniki ya sukari anapata metfomini na glibenklamidi. Diklofenaki ya magoti ananunua mwenyewe duka la dawa, anaimeza kila siku tangu masika. Na Piriton usiku apate usingizi. Sasa wanataka wakaombe dawa ya kizunguzungu. Aongezewe, au ni uzee tu?

Kajogoo
Mnamjaza makemikali mama wa watu. Mwachisheni zote, mpeni unga wa mlonge, mtarudi hapa kutoa ushuhuda.

Nesi Mstaafu
Kajogoo, watu kama wewe ndio mliokuwa mnatujazia wodi. Mgonjwa wa presha akiacha dawa zote kienyeji anaweza kupata kiharusi. Na kama mlonge unashusha sukari kama mnavyousifia, ndiyo kabisa asichanganye na glibenklamidi.

Binti, akiamka tena na jasho mpimeni sukari palepale, shehe atafuata baadaye. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akishindwa kumeza msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hata akizinduka aende siku hiyohiyo, glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena. Usiku anakula nini?

Binti Muheza
Kikombe cha uji, siku nyingine anasema hana hamu. Dawa anameza vilevile.

Fundi Dozi
Mimi ni mfamasia. Hapo naona dawa inayotibu dawa. Amlodipini hutanua mishipa midogo, maji yakavuja na kukaa kwenye vifundo vya miguu. Uvimbe wa aina hiyo Lasix haiusaidii sana, ila inamkojoza, inamkausha, na presha inaporomoka akisimama. Ndiyo maana anaanguka njia ya chooni.

Diklofenaki nayo inapandisha presha ileile inayotibiwa, inachubua tumbo, na ikikutana na losatani na Lasix figo zinabanwa pande tatu. Figo za mtu wa miaka 78 tayari zimepungua nguvu. Zikizidi kuchoka, glibenklamidi haitoki mwilini kwa wakati, na kikombe cha uji hakiwezi kushindana nayo. Sukari inashuka mno, jini lenu huenda ni hilo. Piriton kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, hata kama kijana anaimeza na kwenda kazini.

Haya siyabuni. Tangu 1991 kuna orodha iliyoanzishwa Marekani na daktari Mark Beers, ya dawa za kuepukwa kwa wazee. Ilihuishwa tena 2023. Glibenklamidi imo, Piriton imo.

Ila msiguse za hospitali kwa maneno yangu. Miguu kuvimba huweza kuwa moyo au figo, na aliyempa Lasix huenda aliona kitu. Diklofenaki na Piriton hazina cheti cha mtu, hizo acheni leo. Zilizobaki tia zote kwenye mfuko mmoja, hata mizizi na mafuta ya kuchua, mpelekeeni daktari mmoja azipitie. Ombeni kipimo cha damu cha kreatinini na potasiamu, kuona hali ya figo, na apimwe presha akiwa amelala kisha amesimama.

Ngosha Mpole
Nyongeza. Ukifika usianze na "nimesoma mtandaoni", utafukuzwa. Mwambie, "Dokta, mama ameanza kuanguka tangu dawa zimeongezeka, naomba utupitishie moja moja, ipi bado anaihitaji?" Kwa mzee wangu ilifanya kazi.

Binti Muheza
Mrejesho wakuu. Juzi alfajiri jasho lilianza, mdogo wangu akapima, 3.1. Kapewa maji ya sukari akazinduka, wakaenda na mfuko wote. Daktari amemtoa glibenklamidi, kabaki na metfomini kwa dozi ndogo kwa sababu figo zimeshuka kidogo. Moyo uko sawa. Amlodipini imepunguzwa, Lasix imesimamishwa, arudi baada ya wiki mbili. Dawa ya kizunguzungu hakupewa. Shida ni magoti, analia akiinuka.

Nesi Mstaafu
Mungu ni mwema. Kwa magoti atumie panado kwa dozi ya daktari, na jeli ya kupaka mkiulizia kwanza. Akiwa ameketi anyooshe mguu mmoja mmoja, ashikilie kidogo, kila siku. Kiti kirefu badala ya kigoda, taa njia ya chooni, na mkongojo.

Binti Muheza
Mkongojo kaukataa, anasema utamzeesha.

Fundi Dozi
Mwambieni ni wa kufukuzia kuku. Bibi yangu tulimpata hivyo.