Muonekano wa World of Warcraft: ElvUI, au niokoteze Bartender na Plater, au nibaki na ya gemu yenyewe? Reidi ni Jumamosi

KyelaMpunga
Habari za jioni wadau. Niko Nzovwe hapa Mbeya, nacheza World of Warcraft muda sasa ila siku zote natumia muonekano ule ule iliokuja nao. Jumamosi usiku gildi (kundi letu) inaingia reidi, yaani kupiga mabosi pamoja, na mimi nimeitwa, kiongozi kaangalia picha ya skrini yangu akasema nipange vizuri kabla ya siku hiyo. Nimezunguka nimebaki na njia tatu: ElvUI, adoni (programu ndogo ya kuongeza kwenye gemu) inayobadilisha kila kitu kwa mpigo, au niokoteze moja moja yaani Bartender4 kwa vitufe, Plater kwa zile baa za uhai za maadui na BigWigs kwa mabosi, au nitulie na Edit Mode ya gemu, ile ya kusogeza vitu kwenye skrini. Ipi bora? Mkinijibu leo ntashukuru maana nina bando la usiku.

Mnyalu_Gangilonga
Kamwene. Ndugu yangu umeandika mengi ukaacha ya muhimu. Retail (gemu ya sasa) au Classic (ya zamani)? Unatanki yaani unapokea mapigo mbele, unaponya au unapiga tu? Laptopu ramu ngapi, skrini saizi gani? Bila hayo kila mtu atakutajia anachopenda yeye.

BaridiNjombe
ElvUI mkuu, usizunguke. Unaingia tukui.org unaidaunlodi, ukifungua gemu inakuuliza wewe ni tanki, mponyaji au mpigaji, inakupangia, ukitaka kusogeza kitu unaandika /ec unakivuta. Bari, ramani, mifuko, chati, fremu (baa za uhai za wachezaji) vyote sura moja. Hao wa kuokoteza kila adoni ina fonti yake na rangi yake, skrini inakuwa kama ubao wa matangazo pale stendi.

Fundi_Uyole
ElvUI nimeitumia miaka na siitaki tena, ngoja niwaeleze. Siku ya pachi kubwa, reidi tumepanga saa tatu usiku, gemu ilishajiapdeti toka asubuhi. Naingia, yanafunguka maboksi ya makosa ya Lua (lugha ya kuandikia adoni) moja juu ya lingine, ukifunga hili linatokea lile, hata mhusika wangu kasimama wapi simuoni. Toleo jipya la ElvUI lilikuwa bado halijatoka, basi nikaizima nikaandika /reload. Hapo sasa ndio balaa lilipoanzia, maana ElvUI ikiwepo inaficha bari zote za gemu inaweka zake, ukiizima zinarudi za gemu lakini zile za ziada hazijawashwa kwenye mipangilio, kwa hiyo nusu ya spelli hazipo machoni, kibodi inazipiga ila huoni ipi imerudi na ipi bado. Ramani imehamia kona nyingine, fremu za kundi zimerudi kushoto vidogo vidogo. Na mimi ndio tanki, watu ishirini wananisubiri, wengine wako Ulaya huko wanaulizana kwenye Discord kuna nini. Tukaingia hivyo hivyo. Bosi wa kwanza tulikufa mpaka watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, na nafasi yangu wiki iliyofuata alipewa mtu mwingine. Jamaa yangu wa Makambako alikuwa na Bartender na Plater usiku ule ule, kwake iliyogoma ni Plater tu, akaizima, bari zake zikabaki pale pale akacheza. Ndio maana nasema weka moja moja, ikianguka moja haivuti zingine.

BaridiNjombe
Pole sana kaka, ila hiyo ni pachi, sio ElvUI. Adoni yoyote siku ya pachi inaweza kugoma. Na wale jamaa wanarekebisha haraka, subiri siku moja mbili unaendelea.

Fundi_Uyole
Siku moja mbili kwako, reidi yangu ilikuwa usiku ule.

KyelaMpunga
Ndaga fijo kwa majibu. Ni Retail. Naponya, Holy Priest. Laptopu ramu 8, skrini 1366 kwa 768.

Mnyalu_Gangilonga
Sasa tunaongea. Kwanza ni Retail, kwa hiyo video nyingi za YouTube unazoangalia zimeshapitwa. Toka Midnight, toleo jipya la gemu, Blizzard wenye gemu wamezibana adoni za vitani, taarifa nyingi za kwenye mapigano adoni haiwezi tena kuzisoma na kukuamulia, ndio maana waliokuwa wanatengeneza WeakAuras, adoni ya tahadhari za vitani, walitangaza kwamba kwa Midnight hawaendelei. Badala yake gemu imeletewa ya kwake: kipimo cha dameji, tahadhari za mabosi, na sehemu ya kuonyesha spelli gani imerudi. Hata DBM na BigWigs, adoni za mabosi, siku hizi zinaegemea kile gemu inachozipa.

Pili skrini yako, hapa wengi wanapaacha. Ili mistari ya fremu ikae safi, skeli ya muonekano ni 768 gawa kwa urefu wa skrini. Mwenye skrini ya 1080 anapata kama 0.71, mwenye 1440 kama 0.53, wewe wa 768 unapata 1 kamili. Kwa hiyo ukichukua profaili ya ElvUI iliyopangwa na mtu wa 1440 ukaibandika kwako, kila kitu kitakuwa kikubwa karibu mara mbili kwa nafasi uliyonayo, fremu zinapanda juu ya bari, chati inafunika ramani. Sio mbovu, imekatwa kwa skrini ya mwingine. Ukiitaka ElvUI panga mwenyewe kutoka sifuri.

Tatu unaponya. Kwa mponyaji bari ni jambo la pili, macho yako yanakaa kwenye fremu za kundi. Mimi ningefungua Edit Mode, nikachagua fremu za mtindo wa reidi, nikazishusha katikati chini kidogo ya mhusika, nikazipanua mpaka naona bila kukodoa macho, halafu nikaweka uponyaji kwa kubofya moja kwa moja kwenye fremu, hiyo sasa ipo ndani ya gemu haihitaji adoni. Ukitoka hapo ndio ujue unakosa nini.

DadaWaTukuyu
Naunga mkono hiyo ya Edit Mode kwa sababu nyingine kabisa. Ilikuja na toleo la Dragonflight 2022 na mpangilio wake unakaa kwenye seva zao, sio kwenye laptopu. Fundi akiformati mashine unaingia tu unakuta kila kitu kipo. Adoni mipangilio yake iko kwenye folda ya WTF, kwa hiyo mwenye adoni aikopi WTF pamoja na Interface kwenye flashi kila baada ya muda. Na kingine KyelaMpunga, ukidaunlodi adoni ukakuta ndani kuna faili la exe futa papo hapo. Adoni ni maandishi ya Lua, XML na toc, picha, fonti na sauti basi, exe inataka akaunti yako.

SisimbaClassic
Hamieni Classic huku adoni hazijabanwa hivyo. Questie inakuonyesha kila kazi kwenye ramani, WeakAuras ipo, raha tupu.

BaridiNjombe
Questie inakuchezea gemu wewe unatembea tu. Watu walicheza toka 2004 wakisoma maelezo ya kazi.

SisimbaClassic
Hao wa 2004 wengi walikuwa na tovuti wamefungua pembeni dada, usiwapambe. Na wewe unayetumia ElvUI ndio unaniambia mimi adoni inanichezea?

BaridiNjombe
Mimi kaka sio dada. ElvUI inapanga muonekano, haikuambii uende wapi. Ni vitu viwili tofauti.

Fundi_Uyole
Mnabishana adoni wakati kinachoua waponyaji wa huku ni pingi, yaani mtandao kuchelewa. Mvua ikinyesha Uyole mtandao unapanda na kushuka, unabofya fremu mtu kashakufa. Iringa mnatumia nini kucheza seva za Ulaya?

Mnyalu_Gangilonga
Mimi nina faiba toka mwaka juzi, kabla ya hapo simu niliichomeka kwa waya wa USB badala ya hotspoti, ilitulia zaidi. Zima na apdeti za Windows zisianze katikati ya bosi.

DadaWaTukuyu
Waya wa USB nakubali, hata mimi umenisaidia.

KyelaMpunga
Nimefungua Edit Mode sasa hivi, fremu nimezishusha katikati, naona tofauti kubwa. Kubofya nimeweka Flash Heal kushoto na Prayer of Mending kulia, ila mausi yangu ina vitufe viwili na gurudumu tu, spelli zingine nazibandika wapi? ElvUI bado inanivuta kwa kweli, ile sura yake.

Mnyalu_Gangilonga
Shift na Ctrl. Shift kushoto, Shift kulia, Ctrl kushoto, tayari una tano. Dispel, ile ya kumwondolea mwenzako madhara, iweke mahali kidole kinafika bila kufikiri.

BaridiNjombe
Weka ElvUI Jumapili basi, reidi ikishapita.

SisimbaClassic
Kuna jamaa Mwanjelwa anauza mausi za vitufe kumi na mbili pembeni, zimetumika ila nzima. Nikuulizie bei?

KyelaMpunga
Niulizie mkuu. Na za waya, zile za betri sizitaki.