Acheni kuwaambia wageni kwamba Linux haina virusi

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia vya kutosha. Kila mgeni anapouliza kama kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux inahitaji ulinzi, wazoefu humcheka na kumwambia kwamba Linux haina virusi, kisha muda si mrefu wakampa amri inayoanza na sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote juu ya kompyuta, ainakili bila kuelewa hata neno moja. Ndivyo alivyofanyiwa binamu yangu mwezi uliopita, alipotaka tu printa yake ifanye kazi. Skripti aliyoelekezwa kuipakua ilimwongezea ufunguo wa SSH wa mtu asiyemjua, yaani ilimpa mtu huyo njia ya kuingia katika kompyuta yake akiwa mbali.

Hoja inayoniudhi kuliko zote ni ile ya kwamba mwizi hawezi kitu bila nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, funguo za SSH, picha na nyaraka za kazi, vyote vimo katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, na programu yoyote aliyoiendesha mwenyewe huvisoma kwa ruhusa yake. Inaweza pia kujiandika katika faili la .bashrc ili iamke kila anapofungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kwa wale ambao bado wanatumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, inaweza hata kunasa vitufe vinavyobonyezwa katika dirisha la programu nyingine.

Julai 2025, katika AUR, hazina ya vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) vinavyoletwa na watumiaji wa Arch, mojawapo ya matoleo ya Linux, vilipakiwa vifurushi vitatu vilivyojifanya matoleo yaliyorekebishwa ya vivinjari vya Firefox, LibreWolf na Zen. Vilibeba CHAOS, programu hasidi inayomwezesha mshambuliaji kuitawala kompyuta akiwa mbali, na vilikaa humo takriban siku mbili. Msiniambie kwamba watu wangesoma kwanza PKGBUILD, faili lenye maelekezo ya kutengeneza kifurushi. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, huisoma mara chache.

Duka la Snap, la programu za Linux, nalo lilikuwa na nakala bandia ya Exodus, mkoba wa sarafu za kidijitali, na mwaka 2024 mtu mmoja alipoteza bitcoin takriban 9. Programu hiyo ilikuwa imezuiwa kugusa faili za mtumiaji, hivyo dukani ikaonyeshwa kuwa salama, lakini kizuizi hicho kingemsaidia nini ilhali aliombwa maneno ya kurejesha mkoba wake, naye akayaandika?

Sisemi tuihame Linux. Vifurushi vya hazina rasmi za matoleo ya Linux kama Debian na Fedora hukaguliwa saini za kidijitali kabla ya kusakinishwa, ingawa kisa cha Machi 2024 cha xz, zana ya kubana faili iliyotiwa mlango wa siri na mtunzaji wake mwenyewe, kilionyesha kwamba hata huko sumu yaweza kupitia mlango halali. Ninachodai ni kwamba anayempa mgeni amri amweleze kila kipande chake kinafanya nini, na kama kifurushi kimo katika hazina rasmi, amwelekeze huko kwanza.

Binamu yangu ametumia siku tatu kubadilisha nywila na kusakinisha mfumo upya. Aliyempa amri ile bado yumo humu, na juzi amempa mgeni mwingine amri hiyo hiyo.