Bro ana kilo 98, mafua hayamwachi, eti unene unashusha kinga?

Kibao_Mbagala:
Wakuu habari za saizi. Kaka angu ana kilo 98 na ni mfupi tu, mita 1.68 hivi. Mafua yakiingia home wote tunapona yeye anabaki nayo, alafu alichubuka mguu kwenye bodaboda mpaka leo kidonda hakijafunga. Bi mkubwa anasema huyo mzima, mwili umejaa afya, ila kazini kwao kuna mtu kamwambia unene unashusha kinga. Kuna ukweli au ndo maneno ya watu?

Mzee wa Supu:
Maneno hayo. Jirani yangu Tandika bonge la mtu, hata kukohoa sijawahi kumsikia.

nesi_wa_Temeke:
Mzee wa Supu, jirani mmoja sio kipimo bana. Kibao, ni kweli. Watu wanadhani mafuta ni akiba imekaa tu, kumbe hasa yale ya tumboni yako kazini muda wote, yanamwaga kemikali zinaitwa saitokaini ambazo zinaamsha kinga, na seli za ulinzi zinajazana humohumo kwenye mafuta, kwa hiyo mwili unaishi na kauvimbe ka ndani kwa ndani kila siku hata kama huumwi. Ni kama mlinzi anapigiwa king'ora cha uongo usiku kucha, mwizi akija kweli yeye yuko hoi. Mafua ya nguruwe ya 2009 ndo yaliwashtua madaktari, wanene walikua wanazidiwa kuliko wengine, korona ikaja kurudia vilevile. Na kitambi kinabana mapafu, hilo halihitaji hata maabara.

Uzito wake ukiupima na urefu (BMI), kilo 98 gawanya kwa jibu la 1.68 mara 1.68, unapata 34.7. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Ila kidonda kwanza, akapime sukari, maana kisukari kinachelewesha vidonda na kinaongeza hatari ya TB karibu mara 3, na Dar hii ya kubanana kwenye daladala TB sio ya kuchezea.

Shosti wa Kigogo:
Nesi na chanjo je? Mi pia mnene, niko nachoma ya homa ya ini.

nesi_wa_Temeke:
Chanjo inafanya kazi dada angu, usiache, maliza dozi zote 3. Ila kwa wanene kinga inaweza kupanda kidogo, so mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho omba wakupime kama imepanda. Na wakuchome begani, sio kalioni, sindano fupi ikiishia kwenye mafuta haifanyi vizuri.

Kibao_Mbagala:
Shida akipungua mtaani watasema ana ngoma 😂 ndo anachoogopa hicho.

nesi_wa_Temeke:
Hahaha waache waseme, hao hao ndo wanaomsifia kitambi. Wala hahitaji kua mwembamba, akitoa kilo 5 mpaka 10 tu sukari na presha vinaanza kukaa sawa. Apunguze soda na chipsi za usiku, atembee. Hizo chai za kukondesha za mitandaoni asiguse.

Kibao_Mbagala:
Poa, J3 nampeleka. Aende bila kula?

nesi_wa_Temeke:
Ndio, masaa 8 bila kula, maji ruksa. Na kidonda awaonyeshe hukohuko.